Masomo ya Afya Si ya Akina Mama Peke Yao



Mwezi uliopita zahanati yetu huku Lugari ilikuwa na siku ya mazungumzo ya afya. Siku hii huwekwa mara moja kila miezi mitatu. Bwana Afya huja na ubao wake, naye husoma hesabu ya kijiji mbele ya watu wote: nyumba ngapi zina choo, nyumba ngapi zatibu maji ya kunywa, watoto wangapi hawajamaliza chanjo, akina mama wangapi walijifungulia nyumbani. Kisha watu huulizana kwa nini hesabu iko hivyo, na hupatana la kufanya. Hakuna kiingilio, wala hakuna anayefukuzwa.

Nilihesabu watu waliokaa kwenye mabenchi chini ya mti. Akina mama walikuwa 34. Wanaume tulikuwa watatu: mimi, mzee wa kijiji ambaye kazi yake yamlazimu kuwapo, na kijana mmoja aliyemleta mama yake kwa pikipiki akawa anangoja kumrudisha. Asubuhi ile ile, nilipopeleka maziwa kwenye kituo cha sosaiti, niliwakuta wanaume zaidi ya hamsini. Wengine walikuwa wamekwisha kupima maziwa yao zamani, nao walikuwa wamesimama tu wakizungumza bei ya mbolea. Kutoka hapo hadi zahanati ni mwendo wa dakika kumi.

Nataka kusema wazi, wala sisemi kwa kuwadharau wenzangu, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Katika skimu zetu masomo ya afya yapo, tena ni ya bure. Ubaya ni kwamba yanawafikia watu ambao hawana fedha wala amri ya kuyatimiza. Mama hufundishwa kwamba choo chataka kifuniko na sakafu inayooshwa. Hurudi nyumbani akamwambia bwana wake. Bwana hujibu, "Tungoje tuuze mahindi." Mahindi yakiuzwa, fedha zinakwenda kwa karo, kwa mbolea, na kwa fahali. Mwaka unapita. Siku ya mazungumzo Bwana Afya husoma ubao, na hesabu ya vyoo ni ile ile, na akina mama wale wale huinamisha vichwa kana kwamba kosa ni lao. Anayesikia somo hana mfuko, na mwenye mfuko hasikii somo.

Nitaeleza jambo lililonipata mwaka 2014. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miezi 14 akaanza kuhara. Mke wangu alikuwa amefundishwa kliniki kuchanganya maji ya chumvi na sukari, akaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko. Mimi niliporudi kutoka shambani nikaona mtoto anakunywa na papo hapo anahara. Nikasema, "Unamwongezea maji ya kuhara! Mwache tumbo likauke." Ndama anapohara nami huwa napunguza maziwa, basi nikadhani najua. Mke wangu alinieleza mara mbili, kisha akanyamaza, kwa maana ndivyo tulivyolelewa, neno la mwenye nyumba halibishwi. Usiku wa manane mtoto alikuwa macho yameingia ndani, hana machozi, na ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Tulimpeleka hospitali kwa gari la kukodi. Walimtia maji ya mshipa siku mbili. Mungu alitusaidia akapona, na leo yuko shuleni. Lakini niliuza mtamba mmoja wa gredi aliyekuwa na mimba ya miezi mitano ili kulipa gari na gharama nyingine. Somo ambalo lingeokoa mtamba yule lilikuwa nyumbani mwangu, katika kichwa cha mke wangu, nami nililikataza.

Kwa wale ambao hawajui, mchanganyiko wenyewe ni huu: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi, kwa maana chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Kama waweza kupata pakiti zenyewe za zahanati ni bora zaidi, tena huko watakupa na vidonge vya zinki. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Akiwa na damu katika choo, au hawezi kunywa, au amelegea, usingoje, mpeleke. Kazi ya maji yale ni kurudisha mwilini yaliyotoka. Hayakusudiwi kuzuia kuhara saa ile ile, na hapo ndipo wanaume wengi hudanganyika kama nilivyodanganyika mimi.

Sasa tazameni namna tunavyotunza ng'ombe. Mkulima wa skimu hakosi siku ya josho. Bwana Mifugo akisema ndama achanjwe Jumanne, Jumanne ndama yuko pale na kamba shingoni. Tukitaka kujua uzito wa mtamba twamzungushia utepe wa kupimia kifuani na kusoma kilo. Wengi wetu tunao utepe huo umening'inia ghalani. Je, umewahi kuona utepe wa mtoto? Upo. Ni mdogo, una rangi tatu, nao huzungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Ukisoma sentimita 12.5 na zaidi, rangi ni kijani, na mtoto ni salama. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, yaani chakula chake kiangaliwe. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na huyo hapaswi kulala nyumbani bila kuonwa na mganga. Kazi yote ni nusu dakika. Nimeona nyumba yenye ng'ombe wanne wa maziwa, mapipa yanakwenda sosaiti kila asubuhi, na mtoto wa nyumba hiyo mkono wake uko katika manjano. Baba yake alikuwa anajua uzito wa kila ndama.

Mwenye utepe huo ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru huko Nairobi, Serikali iliwatuma kazini wahamasishaji wapatao 100,000 wa nchi nzima, kila mmoja na mkoba wake. Ndani ya mkoba mna kipimo cha joto, mizani, utepe nilioueleza, mashine ya kupima shinikizo la damu, na ya kupima sukari. Kila mhamasishaji hupewa nyumba zipatazo 100 za kutembelea. Huchaguliwa na wananchi wenyewe barazani, wala haletwi kutoka mbali.

Na hapo ndipo mashaka yanapoanza. Kwa kuwa hakuletwa kutoka mbali, watu humdharau. Nimesikia mzee mwenzangu akisema, "Yule ni binti wa fulani, nilimwona akizaliwa, atanifundisha nini mimi?" Wengine husema hawataki mtoto wa jirani kuingia nyumbani na kwenda kutangaza mambo yao. Hofu hii ya pili naielewa, na siwezi kuicheka. Mhamasishaji anayepeleka siri za nyumba moja kwenye nyumba ya pili anaharibu kazi, na kamati ya afya ya kijiji inapaswa kumwonya, na asiposikia aondolewe, kama vile tunavyomwondoa karani wa sosaiti anayekula fedha. Lakini hofu ya kwanza ni kiburi tu. Wa kwetu alinipima mimi mwaka jana nikiwa nimeketi kwenye gogo nje ya nyumba yangu. Namba ya juu ilikuwa zaidi ya 160 na ya chini 100, wakati tunaambiwa kwamba 140 kwa 90 ndipo shida inapoanzia. Sikuwa na maumivu yoyote. Alirudi siku nyingine akapima tena, kisha akaniandikia karatasi ya kwenda kituo cha afya. Sasa natumia dawa. Yeye ni binti wa jirani, nilimwona akizaliwa, ni kweli.

Twende kwenye maji, maana hapo skimu zina shida yake zenyewe ambayo haiko vijiji vya zamani.

Baba yangu alipata ploti yake wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipoanza kununuliwa na kukatwa, katika ule mpango wa eka milioni moja ulioanza mwaka 1962. Shamba lililokuwa na nyumba moja ya mwenye shamba na kambi ya wafanya kazi likawa na familia nyingi. Watu walitoka pande mbali mbali. Hapakuwa na wazee wa asili wa mahali pale wa kusema chemchemi hii ni ya ukoo fulani, na ile isichungiwe ng'ombe. Wapimaji walikuwa na ramani, nao walifuata mistari. Chemchemi nyingine ziliachwa kuwa za wote, nyingine ziliangukia ndani ya ploti za watu. Ya kwetu iliangukia ndani ya ploti ya jirani yangu.

Zamani hilo halikuwa tatizo kubwa. Ploti ya baba yangu ilikuwa na choo kimoja. Leo sisi wana tumegawana ploti ile ile, na kila mmoja amechimba choo chake, na watoto wetu wakubwa wanaanza kuchimba vyao. Mahali palipokuwa na shimo moja pana mashimo matano. Fanyeni hesabu hiyo kwa kila ploti iliyo juu ya kilima, kisha mtazame chemchemi iko wapi. Iko chini. Bwana Afya asema choo kiwe mbali na maji mita 30 au zaidi, tena kiwe upande wa chini wa maji, sio juu. Wakati wa kugawa shamba kwa wana, sisi hupima njia, hupima mpaka, hupima mahali pa nyumba. Sijasikia mtu aliyepima choo. Nadhani wazee wa ardhi wangeweza kuanza na jambo hili, kwa maana kuhamisha choo baada ya nyumba kujengwa ni vigumu sana.

Chemchemi yetu ilikuwa wazi miaka yote. Ng'ombe walikunywa juu, watoto waliteka chini. Kulikuwa na shauri la miaka mitatu, kwa kuwa mwenye ploti aliogopa kwamba akikubali ijengwe, ardhi yake itakuwa ya umma. Mwisho chifu na wazee walikaa naye, wakaandika kwamba ardhi ni yake na maji ni ya kila mtu, njia iwe upana wa futi sita, na ng'ombe wanyweshwe kwenye hori la chini. Tukachimba mpaka kwenye jicho la maji, tukajaza mawe na kokoto safi, tukafunika kwa karatasi ya plastiki na udongo wa mfinyanzi, tukajenga ukuta wenye bomba, tukachimba mfereji wa kukinga maji ya mvua upande wa juu, tukazungusha uzio. Nyumba 20 zilitoa mawe, mchanga, na fedha za saruji. Tulisherehekea, tukadhani kuhara kumekwisha.

Hakukwisha. Kulipungua tu. Nilishangaa mpaka nilipoelezwa juu ya uchunguzi uliofanywa Busia, ambako si mbali nasi. Bwana Michael Kremer, profesa ambaye mwaka 2019 alipata pamoja na wenzake wawili Tuzo ya Nobel ya uchumi, yeye na wenziwe walichunguza chemchemi zilizojengewa na zile ambazo bado hazijajengewa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Uchafu wa kinyesi katika maji ya chemchemi zilizojengewa ulipungua kwa asilimia 66. Hilo ni jambo kubwa. Lakini maji hayo hayo yalipopimwa nyumbani kwa watu, hayakuwa yamekuwa safi kwa kiasi kile, kwa sababu yalichafuka tena baada ya kutekwa. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa robo moja.

Robo moja si kidogo, na mzazi ambaye mtoto wake yuko katika robo hiyo atashukuru. Lakini fikirini maana yake. Saruji tuliyonunua sisi wanaume ilifanya kazi yake penye chemchemi. Njiani na nyumbani kazi ikawa ya ndoo, kifuniko, kikombe na mikono. Ndoo ambayo asubuhi ilibeba maji ya kunywa, jioni imebeba maji ya kuogeshea. Mtungi hauna kifuniko. Mtoto anatoka chooni anachovya kikombe na vidole vyake. Na baba anatoka zizini anachovya kikombe na vidole vyake! Tusiwaseme watoto peke yao. Mtungi uwe na mdomo mwembamba na kifuniko, au uwe na bomba. Kama hauna, kata yenye mpini mrefu itundikwe juu ukutani, na pasiwe na mtu wa kuchovya kikombe. Maji yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Katika sehemu nyingi za magharibi kuna vile visanduku vya klorini vilivyosimamishwa penye maji, ambavyo ukifungua hutoa kipimo cha mtungi wa lita 20. Na karibu na choo litundikwe debe dogo lililotobolewa tundu, na kipande cha sabuni kwenye kamba. Debe la mafuta lililokwisha latosha.

Haya yote nilifundishwa katika benchi lile la akina mama. Chemchemi tuliijenga bila kuyajua.

Kuna masomo mengine ya afya ambayo wanaume tunayasikia bila kujua kwamba ni ya afya. Bwana Shamba anapotufundisha kukausha mahindi, hilo ni somo la uhai wa watu. Mwaka 2004 katika sehemu za Makueni na Kitui watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoingia sumu ya ukungu, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mahindi ya ghalani yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama huna mashine, kuna njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi mpaka theluthi, tia vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, uiache kwa robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yako bado ni mabichi, yarudishe juani. Isiposhikamana, yamefika karibu asilimia 15. Bado yataka kuanikwa zaidi kabla hayajaingia ghalani. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe mke wako ayachague yale yanayofaa kwa ugali. Wala usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita katika maziwa na kurudi kwako.

Na chupa za dawa za kunyunyizia mboga, ni nani huzileta nyumbani? Si akina mama. Ni sisi, kwa kuwa ni nzuri, zina kifuniko kinachofunga vizuri. Nimeona moja ikiwa na maziwa ya mtoto wa shule. Chupa ya dawa ikiisha, isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yatiwe ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha itobolewe isitumike tena kwa kitu chochote.

Kuwaweka mume na mke katika somo moja si fikira mpya katika nchi hii. Shule ya Jeanes ya Kabete ilifunguliwa mwaka 1925. Walimu waliopelekwa pale kujifunza kazi ya kusimamia shule za vijijini walikwenda pamoja na wake zao na watoto. Mume alikuwa na masomo yake, na mke akifundishwa usafi wa nyumba, mapishi na malezi ya watoto wachanga, na familia nzima ilikaa katika nyumba moja pale shuleni kama watakavyokaa kijijini. Shule hiyo ilikuwa ya serikali ya kikoloni, nayo ilikuwa na makusudi yake ambayo si yetu; mwaka 1961 mahali pale pakawa chuo cha utawala. Lakini katika jambo hili moja waliona sawa: ukimfundisha mtu mmoja wa nyumba, somo hubishaniwa mlangoni.

Basi nina mashauri machache kwa wenye madaraka, na kwa sisi wenyewe.

La kwanza, somo lifuate wanaume mahali walipo. Kituo cha maziwa hujaa saa moja hadi saa tatu asubuhi. Mhamasishaji akipewa robo saa mara moja kwa mwezi, karibu na mizani ya maziwa, na mashine yake ya kupima shinikizo la damu, naamini atapata foleni. Mwanamume akiona mwenzake anapimwa, naye atavua koti. Baada ya kupimwa, atasikiliza habari za choo. Nimelisema jambo hili kwa kamati ya sosaiti yetu mara mbili. Mara ya kwanza walisema sosaiti ni ya maziwa. Mara ya pili mwenyekiti alikuwa ametoka kulazwa kwa ugonjwa wa sukari, na wakasema watafikiri.

La pili, vituo vya mafunzo ya wakulima vilivyo chini ya kaunti vinapoita watu kwa kozi ya ng'ombe au ya kuku, viite mume na mke pamoja, na siku moja katika kozi iwe ya maji, choo na chakula. Vyumba vya kulala vipo, na mwalimu anaweza kutoka kituo cha afya kilicho karibu.

La tatu ni la wale wasiojua kusoma, au waliosahau. Wengi twakumbuka masomo ya ngumbaru yaliyotangazwa kwa nguvu mwaka 1979. Madarasa ya watu wazima bado yapo mahali pengi ingawa yamepungua. Mtu asiyesoma karatasi ya dawa anategemea mtoto wake wa darasa la tatu amsomee, naye mtoto anasoma "mara mbili" kama "mbili". Mwalimu wa ngumbaru angeweza kufundisha kwa karatasi za dawa na kadi za kliniki badala ya hadithi za sungura. Na kwa wanaosoma, kuna kitabu kiitwacho Mahali Pasipo na Daktari, kilichotolewa kwa Kiswahili kutoka katika kitabu cha Bwana David Werner. Kina picha nyingi na maneno rahisi. Kikundi cha watu kumi wakichanga waweza kununua kimoja na kukipitisha nyumba kwa nyumba, au kukiweka kwa mhamasishaji.

Najua kuna watakaonijibu kwamba masomo si dawa, na kwamba mtu anayekwenda zahanati akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani, hana hamu ya kurudi kusikiliza mazungumzo. Wana haki. Jambo hilo limenipata na mimi. Lakini nauliza: mahali pa kulisema ni wapi? Tunalisema kilabuni na kituo cha maziwa, mahali ambapo hakuna aandikaye. Siku ya mazungumzo, mbele ya ubao, maneno huandikwa na hupelekwa juu. Akina mama 34 waliuliza juu ya dawa za mtoto na wakajibiwa kwa tarehe. Kama wanaume hamsini wa maziwa wangekuwapo, nadhani jibu lingekuja upesi zaidi. Hata kuandikishwa kwa SHA, ambako kulianza kuchukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, watu walikuwa na maswali mengi, na wengi waliyapata majibu yao kwa uvumi wa sokoni wakati mtu wa kuwajibu alikuwa amekaa zahanati akiwangoja.

Mvua kubwa haiko mbali sasa. Mfereji wa juu ya chemchemi yetu umejaa udongo na majani tena, na usipofukuliwa maji ya mvua yatapita juu ya ukuta na kuingia kwenye jicho. Tumepatana kuufukua Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa moja asubuhi, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake. Wakati wa chai mhamasishaji atasema juu ya mitungi na vifuniko. Mara hii tuliandika katika daftari kwamba anayetakiwa ni mwenye nyumba mwenyewe, asitume mke wala mtoto. Kati ya nyumba 20, mabwana 8 wametia sahihi mpaka leo, pamoja na mwenye ploti.